Bibi wa mwanafunzi anasema tofauti na kitabu: nifundisheje Vita vya Majimaji?

*"Ninafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya kata kusini mwa mkoa wa Morogoro. Darasa lina wanafunzi 78 na vitabu 11. Katika semina tulihimizwa tuache kuwaandikia wanafunzi nukuu ubaoni, tuwafundishe historia kwa maswali na ushahidi. Nikajaribu kwa Vita vya Majimaji, nikawauliza kwa nini wananchi walipigana. Kipindi kikageuka ubishi, na mwishowe kila kundi likasema hayo ndiyo maoni yake. Kisha kijana mmoja akasema bibi yake amemweleza kwamba ukoo wao haukupigana na Wajerumani bali uliwabebea chakula, na kwamba waliochoma nyumba zao ni majirani waliokunywa maji. Wenzake wakamcheka, mmoja akamwita msaliti. Kitabu kinasema makabila yaliungana. Sikujua niseme nini, nikafunga mjadala na kuandika sababu sita ubaoni. Tangu siku hiyo kijana huyo hanyooshi mkono, na mwalimu wa taaluma ananiuliza mada zitakwisha lini. Je, njia hii inafaa kweli kwa shule kama yetu, au nirudi kwenye nukuu?"*

Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kijana alipoacha kunyoosha mkono. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama darasa la udadisi ni lazima liishie kwenye "maoni yangu", kama simulizi ya bibi inaweza kusimama mbele ya kitabu, na kama muda upo wa kufanya haya yote kabla ya mtihani. Nitayajibu yote matatu, lakini nitaanza na bibi, kwa sababu majibu ya hayo mengine yanaanzia kwake.

Alichosema kijana yule hakipingani na yanayojulikana kuhusu vita hivyo. Boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa na maelfu ya wapiganaji tarehe 30 Agosti 1905, na miongoni mwa watawala wa Kiafrika waliosimama upande wa Wajerumani katika sehemu hizo alikuwemo Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero. Mwezi uliofuata, Wabena wa nyanda za juu chini ya Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Watu walioitwa kwa jina moja la kabila walikuwa pande mbili za vita vilevile. Wahehe, ambao walikuwa wamempoteza mtawala wao Mkwawa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa hawakujiunga, na baadhi yao walipigana pamoja na jeshi la serikali. Kwa hiyo ukoo uliobeba chakula cha askari, na ambao nyumba zake zilichomwa na majirani, si jambo la ajabu katika eneo lenu, na mwalimu anayelijua hilo angeweza kumwambia kijana mbele ya wenzake kwamba simulizi yake inastahili kuchunguzwa. Sikulaumu kwa kutolijua siku ile. Vitabu vyetu vingi vya shule vinalipita jambo hili kwa sentensi moja au vinaliacha kabisa.

Wala sentensi ya kitabu kwamba makabila yaliungana si uongo. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine wengi, ambao hawakuwa na mtawala mmoja wala mazoea ya kupigana bega kwa bega, waliingia katika vita hivyo ndani ya wiki chache, na imani ya maji, yaani dawa ya maji waliyoamini itawakinga na risasi za Wajerumani, ndiyo iliyowavusha mipaka hiyo. Ni jambo kubwa, na watoto wetu wanastahili kulijua. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo ni ufupisho, na ufupisho ukikaririwa bila kuonyeshwa ulikotoka hugeuka amri: anayesema tofauti anaonekana msaliti, kama ilivyotokea kwako.

Inafaa wewe na wanafunzi wako mjue kitabu kilipata wapi habari zake. Wamatumbi na Wangindo waliopigana hawakuacha maandishi. Walioacha karatasi ni maofisa wa Kijerumani na wamisionari, na kwa miaka mingi maelezo yaliyochapishwa yalitegemea zaidi karatasi hizo. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1960, pale Gilbert Gwassa alipokaa na wazee wa Umatumbini na Ungindoni akiwasikiliza, na pale wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na John Iliffe, walipokwenda vijijini mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya watu waliokuwa hai wakati wa vita na ya watoto wao. Mengi tunayoyafundisha leo kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeanza kutoa maji hayo, kuhusu namna maji yalivyosambazwa na kuhusu uchungu wa kulimishwa pamba kwa shuruti, yalitoka vinywani mwa akina babu na akina bibi. Ukimweka bibi upande huu na kitabu upande ule, umewatenganisha ndugu.

Hilo halimaanishi kwamba kila asemalo bibi ndivyo lilivyokuwa. Bibi wa kijana wa kidato cha pili leo hakuviona vita vya mwaka 1905. Alisimuliwa na waliosimuliwa. Ukoo wake una sababu ya kukumbuka nyumba zilizochomwa, na pengine una sababu ya kusahau mambo mengine. Lakini uadilifu unatutaka tukiulize kitabu maswali hayohayo. Masimulizi ya mwaka 1968 yalikusanywa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, katika taifa changa lililohitaji kujua kwamba watu wake waliwahi kusimama pamoja. Kabla ya hapo, Desemba 1956, Mwalimu Nyerere alikuwa amevitaja vita hivyo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kuikubali haki ya mgeni kuwatawala. Watafiti wa miaka ya 1960 waliuliza juu ya umoja, na wakapata majibu juu ya umoja. Kuanzia miaka ya 1990 wanahistoria wengine walianza kuuliza juu ya ugomvi wa majirani, juu ya njaa, na juu ya mashamba yaliyoharibiwa na nguruwe pori baada ya watu kubanwa katika uwindaji, na picha ya umoja ikaanza kuonyesha nyufa zilizokuwepo tangu mwanzo.

Nikueleze sasa jambo ambalo semina nyingi hulipita kwa haraka, nalo ndilo linalobeba njia nzima. Chanzo na ushahidi si kitu kimoja. Ripoti ya ofisa, kaburi, picha, utenzi na simulizi ya bibi vyote ni vyanzo, na vipo hata kama hakuna anayeviuliza chochote. Chanzo huwa ushahidi pale kinapokutanishwa na swali mahususi, na chanzo kilekile kinaweza kuwa ushahidi dhaifu kwa swali moja na imara kwa swali jingine. Chukua mfano wa Gustav Adolf von Götzen, gavana wa koloni tangu mwaka 1901 hadi 1906, ambaye mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu vita hivyo, akiwatupia waganga na imani zao lawama kubwa. Ukiuliza kwa nini watu wa Umatumbini walipigana, huyu ni shahidi wa kupokewa kwa tahadhari kubwa, maana mpango wa pamba uliowachosha watu uliendeshwa chini ya utawala wake, na mganga akiwa ndiye mkosaji, gavana hana la kujibu. Lakini ukiuliza serikali ya kikoloni ilitaka watu wa Ujerumani waamini nini, hakuna shahidi bora kuliko yeye. Mwanafunzi anayesema "Götzen ana upendeleo, tumtupe" amekosea sawa na yule anayenakili kila alichosema.

Hapo ndipo ubishi wa darasa lako unapoeleweka. Watafiti wa Uingereza, hasa Peter Lee na Rosalyn Ashby, walichunguza kwa miaka kadhaa namna watoto wa umri wa miaka 7 hadi 14 wanavyofikiri juu ya historia. Watoto wengi huanza wakidhani kwamba yaliyopita yanajulikana tayari, na kazi yao ni kuyapokea. Wakigundua kwamba mashahidi hawakubaliani, wengi huteleza hadi upande wa pili: kama wanatofautiana, basi wote wanasema uongo, na kila mtu abaki na lake. "Hayo ndiyo maoni yetu" ni kauli ya mtoto aliyefika kituo hicho cha katikati. Si dalili kwamba njia imeshindwa. Ni dalili kwamba safari imesimamishwa njiani, na nasema hivi kwa sababu mimi pia niliisimamisha hapo mara nyingi nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu; niliridhika kwamba wanafunzi wanazungumza, nikasahau kuwauliza kauli zao zimesimama juu ya nini.

Swali lako la siku ile lilikuwa na kasoro mbili. "Kwa nini wananchi walipigana?" ni swali pana mno, na jibu lake lilikwisha kuandikwa kwenye kitabu, kwa hiyo mwanafunzi hana kitu cha kutafuta. Kasoro ya pili ni kwamba uliwapa swali bila kuwapa vyanzo, na mtu asiye na ushahidi mkononi hana cha kutoa isipokuwa maoni. Swali zuri la uchunguzi lina fumbo ndani yake, yaani mambo mawili ya kweli ambayo hayaelekei kukaa pamoja.

Nikupe moja ninalolipenda. Vita vilianza Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa mipamba. Mpango wa mashamba ya pamba ulianza mwaka 1902, na watu walilazimishwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka kwa malipo madogo sana. Mpaka hapo wanafunzi wote wanaelewa: pamba, shuruti, hasira. Sasa waambie kwamba mwanzoni mwa Septemba vita vilikuwa vimefika Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea, na kwamba huko mpango ule wa pamba haukuwepo. Ikiwa sababu ni pamba, Wangoni walikuwa wanapigania nini? Acha darasa likae kimya dakika nzima. Katika uzoefu wangu huo ndio ukimya wenye faida kuliko mwingine wote katika somo la historia.

Kisha toa vyanzo, vichache na vifupi. Masimulizi yaliyokusanywa Ungoni yanataja watawala walionyang'anywa mamlaka yao, kodi, na kasisi wa misheni ya Peramiho aliyechoma kibanda cha mizimu cha Nkosi Mputa, mtawala wa Wangoni. Kumbukumbu za Wajerumani zinaeleza kwamba misheni hiyo ilichomwa katika vita. Weka hayo kando ya maelezo ya Götzen juu ya waganga, na kando ya simulizi moja ya Umatumbini juu ya pamba. Wanafunzi wataanza kuona wenyewe kwamba maji yalikuwa kama mto mmoja uliochotewa kwa vyungu tofauti: kila mahali watu walikuja nayo manung'uniko yao. Na hapo swali la kijana wako linaingia bila kulazimishwa, kwa sababu kama watu walipigana kwa sababu za mahali pao, basi wapo pia waliokataa kupigana kwa sababu za mahali pao. Aliyekuwa akichukuliwa ng'ombe na watoto na jirani yake mwenye nguvu, je, alikuwa na haraka ya kumfuata jirani huyo vitani? Kiwanga alikuwa na hesabu zake. Kumwelewa si kumtukuza, na mwanafunzi anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili amejifunza kitu ambacho pia ni sehemu ya maadili yaliyomo katika jina la somo lako.

Kuhusu Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, nakushauri utafute angalau beti chache. Mshairi aliishi wakati wa vita hivyo, na ameandika kwa Kiswahili, kwa hiyo wanafunzi wako wanasoma chanzo cha zama zile bila mkalimani, jambo ambalo wenzetu wa nchi nyingi wangelitamani. Pia utawasaidia kuvunja dhana kwamba kila Mwafrika wa wakati ule aliwashangilia wapiganaji, maana mtu huyu wa pwani hakuwa shabiki wao. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ni kazi nzuri, lakini usiipange pamoja na vyanzo vya mwaka 1905. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu na si mtu yuleyule wa historia. Nimesahihisha majibu mengi ya wanafunzi walionukuu maneno ya jukwaani kana kwamba yalisemwa Ngarambe.

Sasa muda na wingi wa wanafunzi. Wapo wanaohubiri kwamba mwalimu aache kabisa kueleza, wanafunzi wagundue kila kitu wenyewe, na mimi siungi mkono. Mwaka 2006 wanasaikolojia Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyosomwa sana wakionya kwamba mwanagenzi akiachwa atafute njia bila mwongozo, akili yake hulemewa na mambo mengi kwa wakati mmoja na hujifunza kidogo. Katika historia onyo hilo ni la kweli kabisa. Mwanafunzi asiyejua Mahenge iko wapi, gavana ni nani, wala pamba ilipelekwa wapi, hawezi kukipima chanzo chochote. Atakisoma kama hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Kwa hiyo kipindi cha kwanza fundisha wewe. Chora ramani ubaoni, toka Umatumbini hadi Songea, weka tarehe, simulia kisa kwa sauti yako yote. Nukuu fupi si dhambi. Kipindi cha pili, ambacho ni bora kiwe vipindi viwili mfululizo, ndicho cha vyanzo, na cha tatu ni cha kuandika.

Kwa wanafunzi 78 unapata makundi 13 ya watu sita sita. Huhitaji kurudufu karatasi 78. Andika vyanzo vitatu, kila kimoja kisizidi mistari minane, kwenye manila kwa herufi kubwa, au rudufu nakala 13 na uzitunze kwa mwaka ujao. Ukivifupisha au kuvitafsiri, sema hivyo wazi chini yake. Na usitunge chanzo hata siku moja, hata kama kingelipendeza somo, kwa sababu mwanafunzi akijua kwamba mwalimu wa ushahidi ametunga ushahidi, umepoteza kila kitu. Kila kundi lianze kwa kuuliza nani ameandika, lini, na alikuwa wapi, kabla ya kusoma yaliyomo. Jambo hili linaonekana dogo. Mwaka 1991 Sam Wineburg wa Marekani aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, yaliyoanzisha vita vya uhuru vya Marekani. Wanahistoria walitazama kwanza nyaraka zimetoka kwa nani, wakazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, huku wanafunzi wakizisoma toka juu hadi chini kama kurasa za kitabu cha kiada, ingawa baadhi ya wanafunzi hao walijua habari za vita hivyo vizuri. Tofauti haikuwa akili. Ilikuwa mazoea, na mazoea hufundishika.

Kwenye kuandika ndiko ubishi unakoponea. Mpe kila mwanafunzi sharti moja: kila dai lifuatwe na "najua hivi kwa sababu", na kila jibu litaje chanzo kimoja kinacholipinga na kueleza kwa nini bado analishikilia. Mwanafunzi akiandika kwamba Wangoni walipigania dini yao tu, muulize kodi ameiweka wapi. Akiandika kwamba Götzen alikuwa sahihi kwa kila jambo, muulize Wamatumbi wang'oe mipamba kwa nini badala ya kitu kingine. Kuna majibu kadhaa yanayokubalika, na kuna majibu yasiyokubalika, na ni kazi yako kusema lipi ni lipi mbele ya darasa. Mwalimu anayeogopa kusema "hili halina ushahidi" kwa kudhani ataua udadisi anawanyima wanafunzi kitu walichokuja kukitafuta.

Takwimu zinafaa kwa zoezi la namna hiyo. Serikali ya Ujerumani ilitaja vifo 75,000; Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Usiwaache wachague namba inayowapendeza. Waulize ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuhesabu, na kama hesabu ya kwanza ingeweza kuwaingiza waliokufa kwa njaa miezi mingi baada ya askari kuchoma maghala na mashamba makusudi ili watu wasalimu amri. Mara nyingi wanafunzi hugundua kwamba wahesabuji wawili hawakuwa wakihesabu kitu kimoja, na hapo njaa, ambayo vitabu huipa mstari mmoja, inakuwa sehemu ya vita vyenyewe.

Je, mtihani? Nitakuwa mkweli kwako. Mtihani ukiuliza "eleza sababu sita", mwanafunzi aliyekariri sita atapata alama zake. Lakini aliyezipima hizo sita, akabishana nazo na kuziandika, naye huzikumbuka, na kwa kawaida hueleza kila moja kwa sentensi tatu pale mwenzake anapoishia kwenye kichwa cha hoja. Utafiti wa Avishag Reisman uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wanafunzi 236 katika shule tano za umma za San Francisco, ulikuta kwamba waliofundishwa kwa nyaraka walipiga hatua katika kufikiri kihistoria, na pia katika kukumbuka mambo yenyewe na katika ufahamu wa kusoma. Hata hivyo, walimu wale waliandaliwa, na walipewa masomo yaliyokwisha kutayarishwa. Wewe una watu 78 na vitabu 11. Kwa hiyo usijaribu kufundisha kila mada hivi. Chagua mada moja kwa muhula, zikizidi mbili, zile zenye fumbo na zenye vyanzo vya karibu nawe, na zilizobaki zifundishe kwa maelezo mazuri. Mwambie mwalimu wa taaluma mapema, mwonyeshe azimio la kazi lenye vipindi hivyo vinne, na umwonyeshe insha tatu za wanafunzi mwishoni. Insha huwashawishi wakuu wetu kuliko maneno ya semina.

Narudi kwa kijana. Kabla ya kipindi kijacho mwite peke yake, umwambie kwamba ulifunga mjadala kwa sababu wewe hukuwa na jibu, wala si kwa sababu yeye alikosea. Kisha darasani, bila kumtaja, sahihisha neno "msaliti" kwa kueleza habari za Kiwanga na Mbeyela. Usimlazimishe kusimulia tena mbele ya watu. Habari ya ukoo ni ya ukoo, na katika vijiji ambako wajukuu wa pande zote mbili wanaishi jirani, simulizi ya nyumba iliyochomwa inaweza kuamsha jambo lisilohitaji kuamshwa. Hapa ndipo ninapokusihi usiende peke yako. Ikiwa bibi yu hai na yu tayari, nenda kwake mwenyewe pamoja na kijana, kwa heshima zote za kumtembelea mzee, na umwombe ruhusa kabla ya kutumia neno lake lolote shuleni. Muulize alisimuliwa na nani, wapi, na wakati gani simulizi hii huwa inatolewa katika familia. Muulize pia kama wapo katika ukoo wanaosimulia tofauti. Akisema hapana, heshimu hapana yake.

Ukiona maneno ya kikabila yameingia darasani, au kijana anaendelea kujitenga, mhusishe mwalimu wa ushauri nasaha na mzazi wake. Hilo si jambo la kutatuliwa kwa andalio la somo. Kuhusu vyanzo, peleka fumbo la Wangoni kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa shule yenu au ya kata, mgawane kazi ya kuandaa nakala. Mthibiti ubora akija, mwombe akae kipindi kizima badala ya kutazama andalio pekee. Ikiwa mna uwezo wa safari moja, Makumbusho ya Majimaji yako Songea, na kila Februari hufanyika kumbukumbu ya wazee wa Kingoni walionyongwa huko mwaka 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo tarehe 1 Novemba 2023, akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano, mmoja wa viongozi hao walionyongwa, ambalo wazao wake wanaamini lilipelekwa Ujerumani. Wanafunzi wako wakikuambia kwamba historia ni mambo yaliyokwisha kujulikana, waulize fuvu hilo liko wapi, na ni ushahidi wa namna gani utakaotosha kulithibitisha likipatikana.